Kuchangisha vyoo vya shule ufukweni mwa Ziwa Victoria: tangu shimo la majaribio hadi risiti ya mwisho

Watu wa Mwanza wanachanga. Anayesema siku hizi watu wamekuwa wagumu na atazame kadi za harusi zinazozunguka Kirumba na Igoma mwezi Desemba, au daftari la msiba la mtaa wowote: elfu tano tano, elfu kumi kumi, majina yamejaa kurasa mbili. Lakini mtu yule yule ukimpelekea karatasi ya vyoo vya shule anakujibu, "Kila siku michango!" Si roho mbaya. Harusi anaijua tarehe, ataiona kwa macho yake, na anajua zamu yake ikifika naye atachangiwa. Mchango wa shule mara nyingi aliutoa, ukaondoka na mtu mwenye daftari, asisikie tena habari zake. Kwa hiyo kazi ya kuchangisha haianzi siku ya harambee wala haiishi siku hiyo. Sehemu kubwa iko kabla na baada.

Tutumie mfano mmoja mwongozo mzima: shule ya msingi ya kijiji cha ufukweni yenye wasichana 280 na matundu 6 ya vyoo. Kiwango cha shule zetu ni tundu 1 kwa wasichana 20, na tundu 1 kwa wavulana 25. Wasichana 280 wanahitaji matundu 14, kwa hiyo yanapungua 8. Hayo 8 ndiyo tunayoyachangia.

Chimba kwanza, omba baadaye

Kabla ya kutaja kiasi chochote cha fedha mbele ya watu, chimbeni shimo la majaribio mahali choo kitakapojengwa, mita 1 kwa mita 1, mkishuka hadi mita 3 kama ardhi inakubali. Huku kwetu haikubali kila mahali. Upande mmoja unagonga mwamba kabla hujafika kiunoni, upande mwingine ukikaribia ziwa maji yanachuruzika shimoni ukiwa bado unachimba. Penye mwamba au maji ya karibu, shimo refu la kawaida halifai. Itabidi choo cha kuinuliwa juu ya ardhi au tanki la kujengea, na bei yake ni nyingine kabisa.

Michango mingi ya vyoo imeharibikia hapa. Kamati inatangaza makadirio ya shimo la kawaida, watu wanatoa, fundi anakuta jiwe, fedha zinaisha jengo likiwa kwenye msingi. Hakuna aliyeiba hata senti, lakini kijiji kizima kinaamini zimeliwa, na mchango unaofuata hata uwe wa zahanati utalipia kosa hilo. Vijana wanne wenye sururu na mitaimbo wanaweza kuliepusha kwa siku mbili.

Pimeni pia umbali kutoka majini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Na hata isingekuwepo sheria, watoto wanachota na kuoga humo humo, na kichocho huenea pale kinyesi na mkojo wa mgonjwa vinapofika kwenye maji yenye konokono.

Baada ya shimo, mwite fundi au mhandisi wa halmashauri aandike orodha ya vifaa na ufundi. Ulizeni bei maduka matatu tofauti, chukueni ya katikati, kisha ongezeni asilimia 10 ya dharura. Tuseme jumla imefika shilingi 12,000,000. Andikeni karatasi moja tu, si tatu: tatizo, idadi ya matundu, gharama, kilichopo tayari, kinachopungua, tarehe ya kuanza na kumaliza, majina ya wanaoshika fedha. Mama anayeanika dagaa hatasoma kurasa tatu mkono mmoja ukiwa na ufagio.

Ruhusa na kamati

Shule za serikali hadi kidato cha nne hazina ada tangu 2016, na Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku walimu kukusanya michango kwa wazazi. Mambo hayo mawili yamebaki vichwani mwa watu, hivyo msishangae mzazi akiuliza, "Si ilikatazwa?" Jibu liwe mkononi: muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji uliosainiwa, barua ya kamati ya shule, na kibali kutoka kwa mkurugenzi wa halmashauri. Anzeni kwa mtendaji wa kijiji, apeleke kwa mtendaji wa kata. Muulizeni pia kibali kinachohitajika mkitaka kutoka nje ya kijiji, kwa sababu kuchangishana kijijini na kuzunguka sokoni mjini na sanduku ni mambo mawili tofauti. Barua ikae kwenye bahasha ya plastiki na kila anayekwenda kuomba awe na nakala.

Mwalimu mkuu asiwe mshika fedha. Si kwa kumshuku. Mchango ukipita kwake, mtoto wa asiyechanga ataonekana kama anayedaiwa. Na hili lisemwe wazi mkutanoni: hakuna mwanafunzi atakayerudishwa nyumbani, kunyimwa mtihani wala kutajwa mstarini kwa sababu mzazi wake hajatoa.

Kamati ya watu saba inatosha. Wekeni ndani yake angalau mama mmoja au wawili wa vikoba. Wamezoea sanduku la kufuli tatu na funguo tatu kwa watu watatu, wamezoea kuhesabu mbele ya wenzao, na hawaoni haya kusema "rudia hesabu." Akaunti iwe ya kikundi, benki au kwenye simu (M-Koba ni moja ya zinazotumika), itakayohitaji idhini ya zaidi ya mtu mmoja kutoa fedha. Namba binafsi ya mwenyekiti isitumike hata kwa siku moja ya "wakati tunasubiri akaunti."

Kalenda ya ziwa

Hapa ndipo wageni wanapokosea zaidi. Wanapanga harambee kwa kalenda ya ofisini, wakati fedha za ufukweni zinafuata mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa haivuti dagaa, na mitumbwi hutulia kama wiki moja au zaidi kidogo. Siku hizo mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, kila mtu anakula akiba au anakopa dukani. Ukiitisha harambee mwezi ukiwa mpevu utapata makofi na ahadi. Itisheni giza likiwa limekolea na dagaa wameshauzwa, yaani siku chache kabla mbalamwezi haijarudi. Mvuvi aliyekuwa kambini anarudi na fedha siku hizo, na tajiri wake, yaani mwenye mtumbwi, ameshafanya hesabu na vibarua.

Kwa wakulima wa Magu, Misungwi na Kwimba, pamba ndiyo kalenda. Ununuzi kwa kawaida hufunguliwa Mei, na kabla ya hapo msitegemee fedha taslimu. Watumishi wa umma waendewe mwisho wa mwezi. Januari iacheni: sare, madaftari na ada za sekondari binafsi zimemaliza kila mtu.

Siku ya wiki nayo ina hesabu yake. Wasabato ni wengi pande hizi, kwa hiyo Jumamosi haifai. Ijumaa mchana Waislamu wako msikitini. Jumapili saa 8 mchana huwakuta karibu wote.

Ngazi za michango

Msigawe milioni 12 kwa idadi ya kaya. Gawio sawa linamwonea mjane na linampa mwenye mitumbwi sita nafasi ya kutoka na elfu kumi akiwa amemaliza wajibu. Pangeni ngazi:

Mtu 1 wa 1,500,000. Watu 3 wa 500,000. Watu 10 wa 200,000. Watu 30 wa 50,000. Watu 100 wa 20,000. Watu 200 wa 10,000. Watu 300 wa 5,000.

Jumlisheni, mtapata 12,000,000 kutoka kwa watu 644. Tazameni vizuri: watu 14 wa juu wanabeba milioni 5, na watu 500 wa chini wanabeba milioni 3 na nusu. Wote wanahitajika, ila njia ya kuwafikia si moja. Wale 14 hawapatikani kwa tangazo la spika. Wanaendewa nyumbani au kazini, ana kwa ana, wiki nne kabla ya harambee. Na kwa kila mmoja mnayemhitaji, andikeni majina matatu, kwa maana wawili watapunguza au watakataa.

Majina yatoke wapi? Wenye mitumbwi na nyavu (BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa uvuvi cha mwalo wenu, kinawajua), wenye maduka ya jumla, wanunuzi wa dagaa kule soko la Mwaloni Kirumba wanaopokea mzigo wa kijiji chenu, na wazaliwa wa kijiji walioko Dar es Salaam, Geita au nje ya nchi. Hawa wa mbali mara nyingi hutoa kuliko walio karibu, kwa sharti moja: waone picha. Picha ya choo kilichobomoka na shimo la majaribio inatosha. Msipige picha ya mtoto akijisaidia wala akiwa amejikunyata kwa aibu. Kuna mama yake, na kesho atakuwa mtu mzima.

Namna ya kuomba

Nendeni wawili, mmoja awe anamfahamu mwenyewe. Msifike wakati anapima mzigo. Salamu ikamilike kwanza, wala msiikate mkadhani mnamwokolea muda. Mfano wa mazungumzo kwenye chanja za dagaa:

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Karibuni, msikanyage hapo bado mbichi."

"Ahsante mama. Pole na kazi. Tumetumwa na kamati ya shule. Wasichana 280 wana matundu sita. Tumeshachimba shimo, tumekuta ardhi inakubali, gharama ni hii hapa. Tunaomba mama utushike mkono kwa laki mbili, ambayo ni kama milango miwili na bati zake."

Kisha nyamazeni. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: kabla mama hajameza mate wameshajishusha, "au chochote ulichonacho." Ukisema chochote utapewa chochote. Kiasi kilichotajwa kinampa mtu kitu cha kupimia; anaweza kusema laki moja sasa na moja giza lijalo, na hiyo ni nzuri kuliko elfu tano ya kukufukuza. Akikataa, mshukuruni na muache karatasi. Msimrudie kwa kupitia shekhe au mchungaji wake ili aone haya.

Mkienda msikitini, ombeni sadaka, na msitumie neno zaka. Zaka ina makundi manane ya watu waliotajwa kuipokea, na wanazuoni wengi hawakubali itumike kwa majengo. Sadaka ya jengo linaloendelea kutumika, sadaka jariya, inaeleweka mara moja. Kanisani muombe mchungaji au padri nafasi ya dakika tano baada ya ibada, na msipange wiki ambayo kanisa lenyewe lina harambee yake.

Wanasiasa? Waalikeni kama wengine, fedha yao iandikwe kama ya wengine. Karibu na uchaguzi kuweni waangalifu, kwa sababu Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inagusa zawadi za wagombea, na choo kikishaitwa cha fulani, nusu ya kijiji hawatachangia tena.

Fedha zinavyopokelewa

Tangazeni namba moja tu ya kupokelea, na jina litakalotokea mtumaji akiandika namba hiyo. Jina liwe la kikundi. Matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hawalali, na mchango ukishajulikana watajitokeza. Kila tangazo limalizike kwa sentensi hii: namba haitabadilika, ukiambiwa imebadilika piga simu kwa katibu.

Ulizeni kampuni ya simu makato ya lipa namba yakoje na anayekatwa ni nani, kikundi au mtumaji. Tangu tozo za miamala zilipoanza Julai 2021 watu wanahesabu makato hadi shilingi ya mwisho, hata baada ya tozo kupunguzwa. Kama mchango wa elfu kumi utafika pungufu, waambieni waweke na ya kutolea, au kamati ibebe makato na iyaandike kama matumizi. Msiyaache hewani.

Daftari liwe la kurasa zenye namba, na kila mstari uwe na tarehe, jina, kiasi, njia (mkononi, simu, benki, kitu), namba ya stakabadhi, sahihi. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa ili lisomeke, andika sahihi pembeni. Wino wa kufutia na kurasa zilizochanwa ni ushahidi tosha kwa anayetafuta sababu. Mali bila daftari huisha bila habari. Fedha ya mkononi isilale nyumbani kwa mtu zaidi ya usiku mmoja.

Mawe, mchanga, saruji

Mwanza mawe yamejaa. Kaya isiyo na fedha inaweza kuleta ndoo kumi za kokoto, kusomba maji, au kutoa siku mbili za kuchimba. Watu wa Usukumani wamelima pamoja kwa ngoma ya bugobogobo muda mrefu kabla ya neno "mradi" kufika, kazi ya pamoja si kitu cha kufundishwa. Cha kufanya ni kuipa bei na kuiandika: tripu ya mawe kwa bei ya sokoni, siku ya kibarua kwa ujira wa kawaida wa kijijini. Mtu aliyebeba kokoto jua kali jina lake likikosekana ubaoni, umemdharau. Mchanga wa ufukweni msichote. Unamomonyoa ukingo, na ule wenye konokono na tope haufai kwa zege.

Saruji ina mtego wake. Watu wanapenda kuahidi "mfuko mmoja mmoja", inaleta heshima. Mifuko inakuja mmoja leo, mitatu mwezi ujao, inawekwa sakafuni stoo ya shule, unyevu wa ziwa unaifanya mawe. Saruji isikae zaidi ya miezi mitatu, na iinuliwe juu ya mbao mbali na ukuta. Njia bora: mkubaliane na duka la vifaa lipokee malipo ya mfuko kwa niaba ya mchangaji, litoe risiti yenye jina lake, nanyi mchukue mifuko yote siku fundi anapoanza. Bei iandikwe isipande katikati.

Siku yenyewe

Gharama za harambee (viti, spika, maji, chakula cha mgeni rasmi) zisizidi asilimia 5 ya lengo, hapa 600,000. Hakuna kinachoudhi wachangaji kama kuona ubwabwa wa milioni mbili kwenye harambee ya choo.

Wale 14 wawe wameshatoa au kuahidi kabla, ili mnaanza mkiwa na kitu. Mchango wa kwanza kutajwa ndio unaoweka kipimo cha mchana wote. Akianza mtu na elfu mbili, wanaofuata watajipanga humo. Mnada wa jogoo, sato mkubwa au mkungu wa ndizi unachangamsha, na jogoo mmoja anaweza kuuzwa mara tatu mnunuzi akimrudisha. Lakini bibi aliyeleta mayai manne apigiwe makofi kama tajiri. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mshereheshaji anayetaja nani hajatoa, au anayemng'ang'aniza mtu kwenye kipaza sauti, mnyang'anyeni kipaza hicho kwa upole.

Mezani wakae watatu: mmoja anahesabu, mmoja anarudia, mmoja anaandika. Ikifika wakati wa kutangaza, tangazeni namba nne bila kuziunganisha: taslimu, simu na benki, vitu kwa thamani yake, na ahadi. Kamati nyingi hujumlisha zote kwa furaha, "Tumepata milioni 15!", kumbe taslimu ni sita. Miezi mitatu baadaye watu wanauliza tisa ziko wapi, na hakuna jibu watakaloliamini.

Kufuata ahadi

Kadi ya ahadi iwe na tarehe aliyoichagua mwenyewe. Kwenye bajeti hesabuni ahadi kwa nusu, mkizidi ni heri. Mkumbusheni siku tatu kabla ya tarehe yake, kisha baada ya wiki mbili, kisha mtu wa kamati aende mwenyewe mara moja. Baada ya hapo acheni. Ujumbe uwe na habari, si dai: "Kaka, msingi umefika usawa wa ardhi, wiki ijayo tunapandisha ukuta. Ahadi yako ya 20,000 itatusaidia kwenye tofali. Namba ni ile ile." Msianze ujenzi kwa ahadi. Anzeni mkiwa na fedha za kumalizia hatua nzima, kwa mfano shimo na bamba la zege, ili hata mkisimama, msimame mahali pasipo na hatari ya mtoto kutumbukia.

Mrejesho

Wekeni ubao kwenye lango la shule, na ujumbe wa WhatsApp kila Ijumaa: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, picha moja ya kazi, picha ya risiti kubwa za wiki hiyo. Wiki ambayo hakuna kilichoingia, andikeni hivyo hivyo. Ukimya wa wiki mbili unatosha kuzaa uvumi. Mkipata hasara, mifuko imelowa au bei imepanda, semeni nyinyi kwanza, kabla ya kijiwe.

Bakaa iamuliwe mapema. Baada ya kivuko cha MV Nyerere kuzama karibu na Ukara Septemba 2018, sehemu ya rambirambi zilizochangwa nchi nzima ilielekezwa kwenye Kituo cha Afya Bwisya kisiwani humo. Kwa mchango mdogo kama huu, andikeni kwenye ile karatasi ya kwanza: kitakachozidi kitanunua matanki ya maji ya kunawia na sabuni, na kama fedha hazitatosha, tutajenga matundu 5 kamili badala ya 8 nusu.

Hesabu ya mwisho isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, nakala ibaki kwa mtendaji na nyingine shuleni. Mwezi mmoja baada ya vyoo kufunguliwa, kamati irudi ikague vitasa vya ndani kwenye milango ya wasichana, maji na mifuniko ya mashimo. Kitasa kikiharibika msichana hataingia, na tundu hilo litakuwa halipo hata kama liko kwenye hesabu.